Rangi za majani Kapsoya: Mti unaopukutika haujafa

KILA mwezi wa Novemba, wapenzi wa riadha mjini Eldoret huketi mbele ya runinga kuwatazama wanariadha wa Bonde la Ufa wakishindana katika marathoni ya New York. Mbio hizo humalizikia katika bustani ya Central Park, na wakati huo miti mingi ya huko huwa imegeuka rangi na kuwa ya manjano, ya chungwa au nyekundu. Mary Keitany, aliyeshinda mashindano hayo katika miaka ya 2014, 2015, 2016 na 2018, alimaliza mbio zake zote nne katika bustani hiyo.

Je, mkazi wa mtaa wa Kapsoya mwenye ua mdogo nyuma ya nyumba anaweza kujipatia mandhari ya namna hiyo? Jibu ni kwamba anaweza kwa kiasi fulani, mradi achague mti unaofaa na aelewe kwamba majira yetu hayafuati kalenda ya Marekani. Kutoelewa jambo hili kuna hasara yake. Mti hupukutisha majani mwezi wa Januari, mwenye ua akadhani umekufa, shoka likaletwa, na kazi ya miaka kumi ikaishia jikoni kama kuni.

Kwa nini majani hugeuka rangi

Jani huwa la kijani kwa sababu ya klorofili, kemikali inayonasa mwanga wa jua ili mmea ujitengenezee chakula. Ndani ya jani hilo hilo mna kemikali nyingine za manjano na za rangi ya chungwa, ziitwazo karotenoidi, ambazo hufunikwa na wingi wa kijani. Jani linapozeeka, mti huivunja klorofili na kurudisha naitrojeni na madini mengine katika matawi na shina. Kijani kinapotoweka, manjano iliyokuwa imefichika hujitokeza.

Wekundu nao una asili tofauti. Hutokana na anthosianini, ambayo katika miti mingi hutengenezwa upya jani linapokaribia kuanguka. Kemikali hii huongezeka sukari inapobaki ndani ya jani, hasa mchana ukiwa na jua kali na usiku ukiwa na ubaridi usiofikia kiwango cha kugandisha maji.

Katika nchi za kaskazini, kupungua kwa urefu wa mchana ndiko huuarifu mti kwamba baridi kali inakaribia. Hapa Eldoret, karibu kabisa na ikweta, tofauti kati ya mchana mrefu na mchana mfupi katika mwaka mzima ni ya dakika chache tu. Kwa hivyo, mti wetu husikiliza zaidi ukavu wa udongo. Ndiyo maana hata neno vuli, ambalo wengine hulitumia kutafsiria majira ya kupukutika kwa majani ya Ulaya, kwa Mswahili wa pwani ni jina la mvua za mwisho wa mwaka.

Hali ya hewa ya Kapsoya

Kapsoya ina bahati ya kuwa na kituo cha utabiri wa hali ya hewa ambacho takwimu zake hutumiwa kueleza hali ya Eldoret yote. Mji huu, uliopandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 2024, uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua nyingi hunyesha kati ya Machi na Septemba, kisha kiangazi hutawala kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Februari au Machi.

Katika kiangazi hicho jua la mchana huwa kali, ilhali usiku kipimajoto huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Hizo ndizo hali zinazosaidia rangi kukolea. Kinachokosekana ni ile ishara moja ya kuifanya miti yote igeuke kwa pamoja. Msomaji asitarajie mtaa mzima kuwaka rangi kwa wiki mbili. Atarajie mti mmoja hapa na mwingine pale, kila mmoja kwa wakati wake.

Miti ya kuchagua

Wa kwanza kupendekezwa ni mti wa kwetu, tebeswet kwa Kikalenjin, ambao Wakikuyu huuita mutundu na Waluhya musutsu. Jina lake la kisayansi ni Croton macrostachyus. Majani yake ni mapana yenye umbo la moyo, na kabla ya kuanguka hugeuka rangi ya chungwa iliyokolea. Aghalabu hayageuki yote kwa mara moja. Huchanganyika na ya kijani, hivi kwamba mti huonekana kama uliotundikwa taa, na kadiri ukame unavyozidi ndivyo taa hizo zinavyoongezeka. Maua yake hupendwa na nyuki. Miche inaweza kupatikana katika vitalu vya miti ya kiasili, au kung'olewa kwa uangalifu chini ya mti mzazi wakati wa mvua. Hata hivyo, mbegu zake ni sumu, kwa hivyo watoto waonywe.

Mpichi na mplamu ni miti midogo inayotosha katika kiwanja cha futi 50 kwa 100. Yote miwili hupukutisha majani, na manjano yake hupendeza ingawa kwa muda mfupi. Faida yake ni kwamba baada ya matawi kubaki matupu huja maua, kisha matunda.

Mjakaranda, uliotoka Amerika Kusini, hugeuka manjano hafifu kabla ya kupukutika. Lakini mti huu huwa mkubwa na vijani vyake vidogo mno huziba mifereji ya paa. Unafaa zaidi kando ya barabara pana au katika uwanja wa shule.

Mwenye nafasi ndogo kabisa anaweza kupanda poinsetia, kichaka chenye asili ya Meksiko. Sehemu nyekundu ambazo wengi hudhani ni maua ni majani yaliyobadilika. Maua yenyewe ni yale madogo ya manjano yaliyo katikati. Wekundu huo huhitaji usiku mrefu wenye giza, na taa ya usalama inayowaka usiku kucha karibu na kichaka huweza kuuchelewesha.

Wapo pia wanaotamani mti wa kigeni uitwao likwidamba, maarufu kwa kugeuka nyekundu hata katika sehemu za California zisizo na baridi kali. Kabla ya kutumia pesa, wakumbuke kwamba mti huo hurefuka kupita mita 20 na mizizi yake huinua sakafu. Isitoshe, huko California mchana hufupika sana mwishoni mwa mwaka, na hapa haufupiki.

Wakazi wa pwani hawana haja ya kwenda mbali. Mkungu, unaoonekana Mombasa, Lamu na Unguja, hugeuza majani yake kuwa mekundu kabla ya kuyaangusha, na huweza kufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Katika msitu wa Arabuko-Sokoke na katika misitu ya miombo nchini Tanzania mambo huwa kinyume: majani machanga ndiyo huchipuka yakiwa mekundu, kisha yakawa ya kijani.

Mahali pa kupanda

Jani lenye rangi hupendeza zaidi mwanga ukilipitia kutoka nyuma. Anayekunywa chai barazani asubuhi apande mti wake upande wa mashariki wa mahali anapoketi. Anayepumzika jioni aupande magharibi. Wakati wa kiangazi cha Desemba na Januari jua huwa limeelekea kusini, kwa hivyo kivuli cha adhuhuri huangukia upande wa kaskazini wa mti.

Tebeswet upandwe angalau mita sita kutoka kwenye nyumba, na mbali zaidi na tangi la maji taka. Usipandwe chini ya nyaya za umeme, kwani siku moja utakatwa kichwa. Ni busara pia kuzungumza na jirani kabla ya kupanda karibu na ua, kwa sababu majani hayajui mpaka.

Rangi ya ugonjwa

Si kila rangi ni ya kushangilia. Majani ya mpichi yakiwa mekundu huku yamejikunja na kuvimba, hasa wakati wa baridi na unyevu, huo ni ugonjwa wa ukungu. Majani hayo yaondolewe, na dawa ya shaba ipuliziwe wakati mti hauna majani. Iwapo majani yanageuka manjano katikati ya msimu wa mvua, chunguza kama maji yametuama kwenye mizizi. Rangi ya kawaida ya uzee huanza kwa majani makongwe yaliyo chini au ndani ya tawi, na jani huanguka bila kuacha tawi likikauka.

Kabla ya kuchukua shoka

Mti ukibaki mtupu mwezi wa Januari, kwangua gome la tawi dogo kwa ukucha. Ukikuta kijani chenye unyevu chini yake, mti uko hai. Ukikuta hudhurungi kavu, kwangua tawi kubwa zaidi, kisha shina. Hata hapo, subiri mvua za Machi na Aprili zinyeshe kwa wiki kadhaa kabla ya kuamua. Miche ya chini ya miaka miwili ndiyo ya kuhurumiwa zaidi. Imwagilie maji mengi mara moja kwa wiki badala ya kidogo kidogo kila siku, ili mizizi iende chini.

Majani yaliyoanguka yasichomwe. Moshi huwasumbua majirani, na rutuba huishia hewani. Yatandazwe kuzunguka shina, yakiacha nafasi ya kiganja kimoja ili gome lisioze. Hapo yatazuia maji kukauka katika miezi ya jua, na mvua zikifika yatakuwa yameanza kuwa mbolea ya mti ule ule ulioyaangusha.