Sega: Kampuni Iliyookolewa na Mali ya Mtu Mmoja

Mizizi ya Sega haiko Tokyo, iko Honolulu. Huko, mwaka 1940, Wamarekani watatu walianzisha biashara ya mashine za kamari wakilenga askari wa kambini. Sheria ya Marekani ilipoibana kamari mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakaipeleka biashara yao kwenye kambi za jeshi lao huko Japani. Kampuni yao iliitwa Service Games. Herufi mbili za mwanzo za kila neno ndizo zilizobaki.

Aliyeigeuza kuwa kampuni ya michezo ni David Rosen, aliyewahi kuwa Japani na jeshi la anga la Marekani. Rosen aligundua kwamba baada ya vita Wajapani walidaiwa picha ndogo kwa vitambulisho vya kila aina, na studio ziliwachelewesha kwa siku kadhaa. Akaleta vibanda vya kujipiga picha, watu wakapanga foleni. Kisha akaanza kuingiza mashine za michezo ya sarafu, na mwaka 1965 akaungana na wale wa kamari. Mwaka uliofuata ulitoka Periscope: unachungulia kwenye darubini ya nyambizi, meli za kadibodi zinapita zikivutwa na mnyororo, unafyatua, na taa zinawaka moja baada ya nyingine kuonyesha njia ya kombora. Mchezo huo ulivuka mpaka Marekani na Ulaya.

Mwaka 1969 Sega iliuzwa kwa Gulf and Western ya Marekani. Mwaka 1984 ikanunuliwa tena na Rosen na Hayao Nakayama, wakisaidiwa na kampuni ya CSK ya tajiri Isao Okawa. Ilipata fahari yake mwaka 1991 kwa Sonic, mhusika wa gemu aliyeitikisa kampuni hasimu ya Nintendo katika soko la Marekani. Baada ya hapo mambo yalienda mrama. Mashine yake ya kuchezea nyumbani, Saturn, ilizidiwa nguvu na PlayStation ya Sony, na Dreamcast ya mwaka 1998, mashine nzuri mno kwa zama zake, haikuweza kulipa madeni yaliyokwisha kulimbikizana. Januari 2001 Sega ilitangaza kwamba inaacha kutengeneza mashine za kuchezea nyumbani.

Wakati huo Okawa ndiye aliyekuwa rais wa kampuni, mzee mgonjwa aliyekuwa ameikopesha fedha zake mwenyewe. Kabla ya kufariki Machi 2001, alisamehe deni lote na kuirudishia Sega hisa zake. Thamani ya hisa hizo ilikadiriwa kuwa dola milioni 695. Sijui mfadhili mwingine katika biashara ya gemu aliyejitoa kiasi hicho. Bila yeye, nina hakika jina la Sega lingebaki kwenye makumbusho tu.

Kabla mwaka haujaisha, Sonic alikuwa akikimbia ndani ya mashine za Nintendo, hasimu wake wa jana. Mwaka 2004 Sega iliungana na kampuni ya Sammy, na mwaka 2006 ikainunua Sports Interactive ya London, watengenezaji wa Football Manager. Kwa hiyo shabiki wa soka anayekesha na gemu hiyo, akisajili wachezaji na kupanga kikosi, anacheza gemu ya Sega.