Majimoto katika Minazi ya Zanzibar

Desturi ya kumtumia mdudu kulinda mazao dhidi ya wadudu wengine ni ya kale kuliko dawa zote za viwandani, na maandishi ya awali yanayofahamika kuihusu yanatoka kusini mwa China, ambako kitabu cha mimea cha mwaka 304, kinachonasibishwa na Ji Han, kinaeleza kwamba chungu wekundu waliuzwa sokoni pamoja na viota vyao ili watundikwe katika michungwa, kwani mti uliowakosa matunda yake yaliharibiwa. Wakulima wa karne za baadaye waliunganisha mti na mti kwa fito za mianzi, chungu wapate kuvuka bila kushuka chini.

Jamaa ya chungu hao katika Afrika ya Mashariki ni majimoto, ambaye wataalamu humwita Oecophylla longinoda. Watendakazi wake, yaani majike wasiozaa, hujipanga safu na kuvuta kingo za majani mabichi mpaka zikutane, kisha wenzao huja na mabuu midomoni na kuwapitisha huku na huko kati ya kingo hizo, kila buu akitoa uzi wa hariri unaoshona kiota. Mkwezi, hata hivyo, humjua majimoto kwa adha zaidi kuliko kwa ufundi huo, kwa sababu huuma na kulitilia jeraha asidi.

Thamani yake ilidhihirika kitaalamu pale M. J. Way, mchunguzi wa wadudu aliyefanya kazi Zanzibar, alipoonyesha katika maandishi yake ya mwaka 1951 na ya miaka iliyofuata kwamba vidaka vilivyopukutika kwa wingi vilikuwa vimefyonzwa na kunguni wa minazi, mdudu ambaye baadaye alipewa jina la kisayansi Pseudotheraptus wayi kwa heshima yake, na kwamba minazi iliyokaliwa na majimoto ilisalimika kwa kiasi kikubwa. Tatizo ni kwamba majimoto naye ana hasimu, chungu mdogo wa ardhini mwenye askari wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala, ambaye humfukuza mtini ilhali yeye mwenyewe hamzuii kunguni. Kwa hiyo kupandikiza viota peke yake, kama walivyofanya Wachina, hakukutosha, na majaribio ya mwanzoni mwa miaka ya 1990 huko Zanzibar yakaelekezwa kwa hasimu huyo, aliyewekewa chambo chenye sumu ili majimoto apate nafasi ya kuenea. Michungwa na miembe iliyochanganywa na minazi nayo ilimfaa, maana majani yake hukunjika kwa urahisi kuliko makuti.

Wala majimoto si rafiki wa kila zao. Katika mikarafuu, Way huyohuyo alieleza jinsi anavyowalinda wadudu magamba, ambao hufyonza utomvu wa mti, kwa kuwa hula majimaji matamu wanayoyatoa. Hata katika minazi faida na maumivu havimwangukii mtu mmoja: nazi zinazoongezeka ni za mwenye shamba, na anayeumwa ni mkwezi, ambaye mara nyingi shamba si lake.