Nani Apande Farasi wa Mbao?

Historia ya viwanja vya burudani vya Marekani huandikwa zaidi na watu wanaopenda mashine, na mashine zenyewe zinastahili kupendwa. Mwezi Juni 1884, LaMarcus Adna Thompson alifungua njia ya reli ya mbao yenye vilima katika ufuo wa Coney Island, New York. Abiria walilipa senti 5, wakaketi kwenye benchi, wakateremka kwa mwendo wa kilomita 10 hivi kwa saa. Mwaka 1893 George Ferris alisimamisha mjini Chicago gurudumu la chuma lenye kimo cha mita 80, vibanda vyake 36 vikiweza kubeba watu zaidi ya 2,000 kwa mara moja. Mwaka 1919 John Miller alipata hataza ya magurudumu yanayoishika reli kwa chini, na tangu hapo magari ya rolakosta yakaweza kuporomoka kwenye miteremko mikali bila kuruka njia. Ndiyo maana Cyclone ya Coney Island, iliyojengwa 1927 kwa kimo cha mita 26 tu, bado inawapigisha watu mayowe. Yote hayo ni kweli. Lakini simulizi la mashine huacha nje swali ambalo, kwa maoni yangu, limeamua maisha ya viwanja hivi kuliko hataza yoyote: nani ameruhusiwa kupanda? Nalifuata swali hilo katika kiwanja kimoja, Glen Echo, kwa sababu jibu lake liliwahi kutolewa hapo juu ya migongo ya farasi wa mbao.

Glen Echo kipo kando ya mto Potomac, upande wa Maryland, nje kidogo ya Washington. Mwaka 1891 kilianza kama mahali pa mihadhara na muziki, chini ya vuguvugu la Chautauqua lililotaka kuwapa watu wazima elimu wakati wa kiangazi. Mradi huo haukudumu. Uvumi ulienea kwamba mahali pale pana malaria, wasikilizaji wakatoweka, kisha mdororo wa uchumi wa 1893 ukamalizia. Kilichokiokoa kiwanja ni tramu. Kampuni za tramu za enzi hizo zilikuwa na tatizo la kudumu: mabehewa yalijaa siku za kazi lakini mwisho wa wiki yalibaki matupu, ilhali umeme mara nyingi ulilipiwa bei ile ile, utumike usitumike. Zikaona heri kujenga mahali pa kwendea kwenye mwisho wa reli, penye miti, maji, muziki na bembea. Kennywood, karibu na Pittsburgh, kilizaliwa hivyo mwaka 1898. Glen Echo kikaangukia mikononi mwa kampuni ya reli ya Washington mwaka 1911. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Geti liwe wazi, kuingia kuwe bure au karibu na bure, mtu alipie nauli ya kuja na tiketi ya kila bembea anayoipanda. Biashara ya namna hiyo haiwezi kuishi kwa matajiri wachache. Ilihitaji umati, na ikautangazia umati huo kuwa mahali pale ni pa kila mtu.

Bembea ya kuzunguka iliyopo Glen Echo ilifika mwaka 1921 kutoka karakana ya familia ya Dentzel, Philadelphia, iliyoanzishwa na mhamiaji Mjerumani katika miaka ya 1860. Ina wanyama 52: farasi 40, mbuni wanne, sungura wanne, na mmoja mmoja wa twiga, kulungu, simba na chui milia, wote wamechongwa kwa mkono. Kuna jambo moja la ufundi ambalo wapandaji wengi hawalitambui. Bembea za Marekani huzunguka kinyume cha mwendo wa saa, kwa hiyo ubavu wa kulia wa kila mnyama ndio unaotazama nje. Wachongaji wakamaliza ustadi wao huko, kwenye manyoya ya shingo, matandiko na maua, wakaacha ubavu wa kushoto ukiwa mtupu zaidi. Walijua kwamba bembea ina wateja wawili, anayepanda na anayesimama kando akitazama huku akingoja zamu yake. Walijua pia kwamba haina daraja la kwanza wala la pili. Aliyekaa juu ya sungura yuko sawa na aliyekaa juu ya simba, na aliye ubavuni mwake ni mtu asiyemjua. Mvuto wa viwanja vya zamani umo hapo hasa, katika kucheka hadharani pamoja na wageni. Mashine zilikuwa hila ya kuwakutanisha.

Kwa nusu karne, hata hivyo, wakazi weusi wa Washington hawakuruhusiwa Glen Echo kupanda wala kutazama. Mwanahistoria David Nasaw, katika kitabu chake cha 1993 kuhusu burudani za umma, ameonyesha kuwa mchanganyiko uliosifiwa wa viwanja hivi ulisimama juu ya kufungiwa nje huko. Mwairishi, Mwitaliano, Myahudi wa Urusi na Mpolandi, ambao mjini walitazamana kwa jicho la shaka, waliingia geti moja wakawa umati mmoja wa weupe, kwa kuwa palikuwa na mtu aliyebaki nje. Pale mtu mweusi alipoonekana ndani, mara nyingi alikuwa mfanyakazi, au ndiye mchezo wenyewe: katika maonyesho na viwanja vingi ulikuwapo mchezo ambao mtu mweusi alipenyeza kichwa kwenye tundu la turubai, na wateja wakalipa ili wamrushie mipira. Mchezo huo ulidumu miongo kadhaa. Anayeandika juu ya utamu wa viwanja vya zamani bila kuutaja anaandika nusu ya jambo.

Sasa tufike tarehe 30 Juni 1960. Kundi la wanafunzi, wengi wao kutoka Chuo Kikuu cha Howard, walifika Glen Echo, na baadhi yao wakaenda moja kwa moja kwenye bembea ya Dentzel, wakapanda farasi na wanyama wengine, wakakaa. Walikuwa na tiketi halali, zilizonunuliwa na wenzao weupe wakapewa wao, kwa hiyo hapakuwa na mzozo wa malipo. Bembea haikuwashwa. Mlinzi aliwaeleza kuwa ni utaratibu wa kiwanja kutowapokea watu weusi, akawapa dakika tano waondoke. Hawakuondoka. Watano walikamatwa kwa kosa la kuingia mahali pa mtu bila idhini. Mmoja wao, Gwendolyn Greene, miaka mingi baadaye alikuja kuwa seneta wa jimbo hilo la Maryland. Kiangazi chote hicho watu walisimama getini na mabango, wanafunzi weusi pamoja na majirani weupe wa mtaa wa Bannockburn, wengi wao Wayahudi. Upande wa pili walisimama wafuasi wa chama cha Kinazi cha Marekani na mabango yao wenyewe. Mwezi Machi 1961 wenye kiwanja walitangaza kwamba msimu mpya utafunguliwa kwa watu wote.

Kuna pingamizi linalotolewa mara nyingi hapa, nalo si la kupuuzwa. Kiwanja, husemwa, kilikuwa mali ya mtu binafsi. Tena ubaguzi ulijaa kila mahali, mashuleni, hospitalini, kwenye mabasi, kwa nini basi lawama zielekezwe kwenye farasi wa mbao? Sehemu ya kwanza ilijibiwa na Mahakama ya Juu mwaka 1964, katika kesi ya Griffin dhidi ya Maryland. Mlinzi aliyewakamata alikuwa ameajiriwa na kiwanja, lakini kwa ombi la kiwanja hicho hicho aliapishwa kuwa naibu sherifu wa wilaya, na wakati wa kukamata alikuwa amevaa beji ya serikali. Mahakama ikasema: mkono uliowatoa wanafunzi ulikuwa mkono wa dola, na dola haina ruhusa ya kubagua. Hukumu zao zikafutwa. Sehemu ya pili naijibu kwa hoja yangu ya awali. Shule haikuwahi kujinadi kuwa ni ya kila mtu. Viwanja vya burudani vilijinadi hivyo kila siku, magazetini na kwenye mabango ya tramu, mbele ya macho ya watoto ambao hawakuruhusiwa kuja. Martin Luther King alipoandika barua yake mashuhuri kutoka jela ya Birmingham mwezi Aprili 1963, miongoni mwa madhila aliyoyataja ni kumweleza binti yake wa miaka sita kwa nini hawezi kwenda Funtown, kiwanja cha Atlanta alichokiona kikitangazwa kwenye televisheni. Angeweza kuutaja mfano mwingine wowote. Alijua kwamba mtoto huuelewa ubaguzi kwanza mahali anaponyimwa furaha.

Gwynn Oak, kiwanja cha zamani karibu na Baltimore, kilikuwa na sherehe ya kila mwaka iliyoitwa Siku ya Mataifa Yote, huku raia weusi wa mji huo wakizuiwa getini. Waandamanaji walianza kuipinga mwaka 1955 na hawakuchoka. Tarehe 4 Julai 1963 walikamatwa watu 283 kwa siku moja, wakiwamo viongozi wa dini wenye majina makubwa nchini. Tarehe 28 Agosti, siku ile ile ya maandamano makuu ya Washington, kiwanja kiliwafungulia wote, na mtoto mweusi wa kwanza kupanda bembea yake ya farasi alikuwa Sharon Langley, ambaye alikuwa hajatimiza hata mwaka mmoja. Ni miaka hiyo hiyo ambapo vijana wa Afrika Mashariki walikuwa wakimiminika kwenye vyuo vya Marekani. Ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Kenya iliyoandaliwa kwa juhudi za Tom Mboya, ikiwa na wanafunzi 81, ilitua New York Septemba 1959. Nchi iliyowapokea darasani ilikuwa bado inabishana iwapo mtu wa rangi yao apande bembea Jumapili.

Pingamizi zito zaidi ni hili: kufunguliwa kwa mageti ndiko kulikoua viwanja vya zamani. Wanaodai hivyo huonyesha tarehe. Glen Echo kilifungwa 1968, miaka saba tu baada ya kuwapokea weusi, na vingine kadhaa vikakifuata miaka ya 1970. Lakini tarehe zinazofuatana si lazima ziwe zimezaana. Inakadiriwa kwamba mwishoni mwa miaka ya 1910 Marekani ilikuwa na viwanja zaidi ya 1,500, na kwamba katikati ya miaka ya 1930 vilibaki kama 400. Vingi mno vilikufa, basi, vikiwa bado vimewafungia weusi nje, kwa sababu ya Mdororo Mkuu, moto ulioteketeza mbao, na gari la binafsi lililoua tramu. Baadaye ikaja televisheni, na bei ya ardhi ya vitongojini ikapanda. Gwynn Oak kilizamishwa na mafuriko ya kimbunga Agnes mwaka 1972. Nakubali kwamba familia nyingi nyeupe ziliacha kuja, na kwamba baadhi ya wenye viwanja waliona bora kufukia bwawa la kuogelea kuliko watu wa rangi mbili waoge pamoja. Lakini kuondoka kwao kulikuwa uamuzi wao, na si haki mzigo wake abebeshwe aliyeomba kuingia.

Glen Echo chenyewe kinaonyesha jinsi geti linavyoweza kufungwa kwa njia nyingine. Tramu iliyokilea iliacha kufanya kazi mwaka 1960, mwaka ule ule wa wanafunzi wa Howard. Kuanzia hapo asiye na gari alitegemea basi. Jumatatu ya Pasaka 1966 vijana wengi weusi kutoka mjini walifika. Fujo zikatokea, kiwanja kikafungwa mapema, na mabasi yakasitishwa, hata mamia ya vijana wakalazimika kurudi Washington kwa miguu, hasira ikimwagika njiani. Magazeti yalizungumzia vioo vilivyovunjwa. Mimi naona zaidi yale mabasi. Miaka hiyo viwanja vya aina mpya, vikifuata mfano wa Disneyland ya 1955, vilijengwa kando ya barabara kuu, mbali na kituo chochote cha tramu, vikazungushiwa uzio na kutoza kiingilio mlangoni. Hapakuhitajika tena mlinzi mwenye beji.

Watasema wengine kwamba bembea ni bembea, iachwe iwe furaha tupu. Nawaheshimu wanaosema hivyo, kwa kuwa wengi wao ndio waliookoa vitu hivi. Mwaka 1970, bembea ya Dentzel ilipokuwa imeshauzwa na karibu kuondolewa, wakazi wa Glen Echo walichanga dola 80,000 wakairudisha. Kisha kwa takriban miaka 20, kuanzia 1983, mhifadhi Rosa Ragan aliondoa tabaka za rangi zilizopakwa juu juu kila msimu hadi akaifikia rangi ya 1921. Leo eneo lile ni mali ya umma chini ya idara ya hifadhi za taifa, kuingia ni bure, na farasi huzunguka kila kiangazi. Bembea ya Gwynn Oak nayo ilihamishiwa Washington, katikati ya uwanja wa makumbusho ya taifa, mwaka 1981, na mmoja wa farasi wake amepewa jina la Sharon Langley. Wanafunzi watano wa 1960 hawakutaka kuipunguzia bembea furaha yake. Walikuja kuidai hiyo hiyo, wakiwa na tiketi mkononi, na wakasubiri mashine iwashwe.