Mashine Isiyouliza

Mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta Tanzania Bara, pamoja na seti za televisheni, na mimi nilikuwa mmoja wa watu walionufaika na amri hiyo. Nilikuwa karani kijana wa hesabu katika ofisi moja mjini Dar es Salaam. Kazi yangu ilikuwa kujumlisha safu za tarakimu kwa mashine ya kuzungusha kwa mkono, na kama zile za umeme zingeachwa zimiminike, pengine ningerudishwa Karagwe mapema nikapalilie kahawa ya baba. Kwa hiyo sikuilaumu amri ile, na hata leo siwacheki walioitoa, kama wafanyavyo vijana.

Ilikuwa na sababu zake. Kompyuta ya kwanza nchini, iliyoitwa ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965. Baadaye jaribio la kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine lilikwenda kombo, gharama zikapanda, wataalamu wakawa wageni watupu, na mwishowe hesabu zikarudi kwenye vitabu vya mkono. Wakubwa walijikuta wamemwajiri mtumishi hodari ambaye lugha yake hawaijui. Nani angependa kuongeza wa pili? Marufuku yenyewe ilikuwa na mlango wa ruhusa maalumu, na miaka ya 1980, zilipokuja kompyuta ndogo za mezani, masharti yakalegea. Televisheni ndiyo iliyochelewa: Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970, sisi wa Bara tukangoja hadi 1994.

Kompyuta ya ofisini kwetu ilifika mwaka 1989, nikiwa na miaka 38. Kioo cheusi, herufi C, na alama ndogo ikipepesa kama inayongoja jibu. Huo ulikuwa mfumo wa MS-DOS. Hapakuwa na picha za kubofya. Uliandika amri, ukabonyeza, ikatendeka. Nilikariri DIR, COPY na DEL kama nilivyokariri jedwali la kuzidisha utotoni. Nataka msomaji ashike jambo moja kuhusu mfumo ule: ukiuambia DEL na kisha nyota, nukta, nyota, yaani futa vyote, ulikuuliza kwanza kama una hakika. Nilizoea adabu hiyo kwa miaka mingi.

Nilistaafu mwaka 2006 nikarudi nyumbani Ihembe. Mwaka 2009 shule moja ya sekondari ya kata ilipata kompyuta sita kuukuu za msaada, na mwalimu mkuu akaniomba nisaidie, kwa kuwa mzee aliyewahi kugusa kompyuta hapa kwetu alikuwa ni mimi. Umeme wa mkoa wetu, ambao kwa miaka mingi ulitoka Uganda, ulikuwa haujafika shuleni. Tulikuwa na paneli za jua na betri mbili zilizotuvusha saa tatu hivi kwa siku isiyo na mawingu. Mashine zenyewe zilikuwa dhaifu mno kwa programu za picha. Kijana mmoja wa ukoo wetu aliyesoma Dar es Salaam akatuwekea Linux, bila madirisha wala kipanya. Kioo cheusi kikanirudia uzeeni.

Somo la kwanza kwa kidato cha pili sikuwasha mashine. Niliwasimulia jinsi mwaka 1969 Ken Thompson na Dennis Ritchie, katika maabara za Bell huko Marekani, walivyoanza kutunga mfumo wa Unix. Watu wakati huo waliongea na kompyuta kwa mashine za kuchapa zilizopiga herufi kama kumi kwa sekunde, kwa kelele nyingi. Ukiandika kwa chombo cha namna hiyo unajifunza ubahili wa maneno. Ndiyo maana amri zake ni vipande: ls kuorodhesha, cp kunakili, mv kuhamisha, rm kuondoa. Kisha nikawaeleza kwamba mwaka 1991 Linus Torvalds, mwanafunzi wa miaka 21 mjini Helsinki, alianza kuandika mfumo wake wa kufanana na ule, akaugawa bure. Mvulana wa nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, ruhusa aliomba kwa nani?"

Nilikuwa nimeogopa habari ya lugha. Wataalamu wetu walishabuni maneno ngamizi na tarakilishi, na mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na Waswidi kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyoongea Kiswahili, ila kwa mashine zetu ilikuwa mzigo. Kumbe wasiwasi wangu ulikuwa wa bure. Mtoto anayeshindwa kuunga sentensi ya Kiingereza aliiandika rm sawasawa na yule wa kwanza darasani, kwa maana rm si Kiingereza wala si Kinyambo.

Ili wawe na kitu cha kuandika, nikawatuma wakawahoji wazee wao. Msichana mmoja alimhoji bibi yake, aliyekimbia kutoka upande wa Kyaka mwaka 1978 majeshi ya Idi Amin yalipoingia, akafika kwa ndugu Karagwe na mtoto mgongoni. Hakuandika kwenye daftari. Alikuwa akimsikiliza bibi jioni, kesho yake anakuja kupiga chapa, faili likiitwa bibi.txt. Nilipofundisha kusoma ukubwa wa faili nililitumia la kwake kwa kuwa ndilo refu kuliko yote, nikaandika ubaoni: 6214. Mwezi Juni bibi akafariki.

Baada ya likizo nikaona nakala za ziada zimejaa, zote zikiishia na .bak. Nikawaita watoto waone zinavyofutwa kwa mpigo mmoja. Nilipaswa kuandika rm *.bak. Kidole changu kikateleza, nikaacha nafasi baada ya nyota: rm * .bak. Kwa mfumo huu hizo ni amri mbili katika moja: ondoa kila kitu, kisha ondoa faili liitwalo .bak. Iliondoa kila kitu, nakala na asili. Ilipomaliza ilitoa lalamiko moja tu, kwamba hilo .bak haikuliona.

Nilikuwa bado nangoja iniulize. Msichana yule ndiye aliyevunja kimya: "Samahani mwalimu, mbona haikuuliza?"

Nilimjibu kwamba waliouunda waliamini anayetoa amri anajua anachosema. Jibu lilikuwa la kweli, na lilinitia aibu mbele ya watoto 23. Yule kijana wetu wa Linux alijaribu siku mbili kuyarudisha mafaili, akashindwa. Wenzake walirudi kwa wazee wao wakahoji upya, wengine kwa manung'uniko. Yeye hakuwa na pa kurudi.

Wiki iliyofuata alinikuta nikiwafundisha alias, njia ya kuipa amri jina lako mwenyewe. Akaomba aandike yeye: alias futa='rm -i'. Hiyo i huilazimisha mashine iulize kila faili. Akaijaribu kwa faili tupu, ikauliza, akajibu hapana, akaijaribu tena.

Kisha akaanza bibi.txt upya, kwa kukumbuka. Ilimchukua vipindi vitatu. Baadhi ya siku alikaa mbele ya kioo bila kuandika neno, na betri ikienda. Alipomaliza akaita ls -l, akaja ubaoni, ambako tarakimu yangu ya zamani ilikuwa haijafutwa, akaandika chini yake: 2087.