Pampu ya Umeme ya Petroli na Historia ya Kuutafuta Ubovu Wake

Mwanzoni mwa karne ya 20 petroli ilifika kwenye injini bila msaada wa umeme, kwa kuwa magari kama Ford Model T, lililoanza kuuzwa mwaka 1908, yalikuwa na tangi lililokaa juu kuliko kabureta, yaani kifaa kinachochanganya petroli na hewa, na mafuta yakateremka kwa uzito wake yenyewe. Tangi liliposhushwa na kupelekwa nyuma, ikabidi petroli ivutwe, na mojawapo ya njia zilizobuniwa Uingereza kabla ya Vita vya Pili vya Dunia ni pampu ya umeme ya SU, kampuni iliyoasisiwa na ndugu wa ukoo wa Skinner mwaka 1910 na kununuliwa na mtengenezaji magari William Morris mwaka 1926.

Pampu hiyo ndiyo iliyowazoeza mafundi kutafuta ubovu kwa sikio. Ndani yake mlikuwa na koili iliyogeuka sumaku kila ilipopata umeme na kukivuta kiwambo chembamba kilichofyonza petroli, na kiwambo kilipofika mwisho wa mwendo wake, ncha mbili za metali zilizokuwa zikigusana ziliachana, umeme ukakatika, springi ikakirudisha kiwambo na kuisukuma petroli mbele, kisha ncha zikagusana tena. Kila mzunguko ulikuwa na mlio wake. Dereva wa Morris Minor, au wa Land Rover za awali ambazo Afrika Mashariki ya kikoloni ilizitegemea sana, alipowasha swichi alisikia milio ya haraka iliyopungua kadiri kabureta ilivyojaa, mpaka ikanyamaza. Milio isiyopungua ilimaanisha kwamba tangi ni tupu au bomba linavuta hewa; ukimya wa tangu mwanzo ulimaanisha kwamba umeme haufiki, au kwamba ncha zimeungua, kwani cheche iliruka baina yake kila zilipoachana. Fundi alichomoa waya wa pampu, akauunganisha na balbu ndogo iliyoshikizwa kwenye bodi ya gari, na balbu ikiwaka alijua kwamba kosa liko kwenye pampu yenyewe au kwenye waya wake wa kurudishia umeme. Wasio na balbu waliigonga pampu kwa spana, na mara nyingi ikafanya kazi, jambo lililowafanya wengi waahirishe matengenezo kwa muda mrefu kuliko ilivyofaa.

Mambo yaligeuka mwaka 1967, kampuni ya Bosch ilipoanza kuuza mfumo wa kupuliza petroli wa D-Jetronic katika Volkswagen 1600 zilizopelekwa Marekani. Shinikizo la petroli sasa lilikaribia bar 2, na katika K-Jetronic, mfumo mwingine wa Bosch wa mwaka 1973, likafika takribani bar 5, hivyo bomba likipasuka katika ajali huku pampu ikiendelea kuzunguka, petroli ingemwagika kwa nguvu juu ya injini yenye moto. Kwa kuuhofia moto huo, wabunifu waliweka vizuizi katika njia ya umeme. Kompyuta ya D-Jetronic iliiwasha pampu kwa sekunde moja au mbili tu, kisha ikaizima mpaka injini ianze kuzungushwa. L-Jetronic iliweka swichi ndani ya kipimo cha hewa, ili pampu isimame hewa inapoacha kupita. Nayo magari mengi ya Ford yakawekewa swichi inayokata umeme gari linapogongwa. Ulinzi huo ulikuwa wa lazima, lakini kila kizuizi kilikuwa pia mahali papya pa kuharibika, na tangu hapo pampu nyingi nzima zimetupwa kwa kosa la swichi.

Kiungo kikuu cha mlolongo huo wa vizuizi ni rilei, swichi inayofungwa na sumaku ili umeme mdogo uamrishe umeme mkubwa. Katika Honda za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990, maungio ya risasi ndani ya rilei kuu yalipata nyufa zilizofunguka kwa joto, hivyo gari lililoegeshwa juani lilikataa kuwaka mchana na kuwaka bila shida jioni. Toyota za enzi hiyo, zilizojaa Tanzania na Kenya baada ya biashara kulegezwa masharti, zilikuwa na kisanduku cha uchunguzi chini ya boneti, na fundi aliyeunganisha tundu la +B na la Fp kwa kipande cha waya, swichi ya gari ikiwa imewashwa, aliipelekea pampu umeme bila kungoja amri ya rilei. Mwenzake akitega sikio kwenye mdomo wa tangi na kusikia mvumo, mota ya pampu ilikuwa imeondolewa lawama.

Mita ya umeme iliongeza usahihi na mtego pia. Waya uliochomolewa kwenye pampu huonyesha volti 12 hata ukiwa na kutu, kwa sababu mita haivuti umeme wa maana, ilhali pampu inayovuta ampea 5 kupitia ukinzani wa nusu omu hupoteza volti 2.5 njiani na kuzunguka kwa unyonge. Kwa sababu hiyo kipimo cha kuaminika huchukuliwa pampu ikiwa inafanya kazi, upande wa umeme unaoingia na upande unaorudi kupitia bodi, ambao kwa kawaida ndio unaosahauliwa. Hata mashine ya kusoma misimbo ya hitilafu, ambayo Marekani iliyataka magari yote mapya yaikubali kuanzia toleo la mwaka 1996, haikuiondoa kazi hii, kwani misimbo kama P0230 huhusu umeme unaoiamrisha rilei, na waya unaopeleka umeme kwenye mota unaweza kuwa umeoza bila msimbo huo kujitokeza.