Kitenzi ni cha Nani? Kibodi, Kipanya na Mchezaji katika Michezo ya Visa ya Tarakilishi

Historia ya michezo ya visa katika tarakilishi, yaani ile michezo ambamo mchezaji huongoza mhusika ndani ya hadithi, akikusanya vitu, akizungumza na watu na kufumbua mafumbo, imezoeleka kusimuliwa kama historia ya vyombo. Hapo awali, husemwa, palikuwa na kibodi na mchezaji alilazimika kuandika. Kisha kikaja kipanya, naye akapumzishwa. Simulizi hiyo ina ukweli wake kwa muuzaji wa vyombo. Kwa mhakiki wa fasihi haitoshi, kwa kuwa inaficha jambo lililobadilika hasa, nalo ni nafasi ya kitenzi katika matini. Makala haya yanashikilia kwamba swali la msingi ni hili: sentensi inayokisukuma kisa mbele hutungwa na nani?

Mchezo uliouanzisha utanzu huu, Adventure, uliandikwa na Will Crowther kati ya 1975 na 1976 alipokuwa mfanyakazi wa kampuni ya Bolt, Beranek and Newman huko Massachusetts, Marekani. Crowther alikuwa mpenzi wa kuchunguza mapango. Yeye na mkewe Patricia walishiriki katika kazi ya kuchora ramani za mapango ya Kentucky, na Patricia alikuwamo katika msafara wa 1972 uliothibitisha kwamba mapango ya Flint Ridge yameungana na pango la Mammoth. Ndoa yao ilipovunjika, Crowther aliutunga mchezo huo kwa ajili ya binti zake. Mnamo 1977 Don Woods, aliyekuwa Chuo Kikuu cha Stanford, aliupanua na kuutia viumbe na hazina za kubuni. Haukuwa na picha hata moja. Msimulizi alimweleza mchezaji, kwa nafsi ya pili, mahali alipo na anachokiona. Mchezaji akajibu kwa maneno mawili, kitenzi cha amri na nomino: chukua taa, fungua lango. Programu ilizitazama herufi 5 za mwanzo tu za kila neno, na yote iliyoshindwa kuyaelewa iliyakataa. Hata hivyo, katika ufinyu huo mlikuwa na uhusiano ambao mwanafunzi wa fasihi simulizi ataung'amua mara moja. Fanani anasema, hadhira inajibu. Tofauti ni kwamba katika utambaji wa ngano kiitikio cha hadhira kimekwisha kujulikana na wote, ilhali hapa hadhira ilijitungia jibu, na pasipo jibu hilo kisa kilisimama.

Kundi la vijana wa Chuo Kikuu cha MIT liliupanua uhusiano huo. Mchezo wao, Zork, ulianzwa mnamo 1977, na kampuni ya Infocom waliyoiasisi mwaka 1979 ikauleta kwenye tarakilishi ndogo za nyumbani kuanzia 1980. Kichanganuzi chao cha sentensi kilielewa vihusishi, kiliruhusu yambwa zaidi ya moja, na kilikubali amri kadhaa katika mstari mmoja. Mchezaji aliweza kuagiza kitu kitiwe ndani ya kingine, au mnyama ashambuliwe kwa silaha fulani. Kwa muda wa miaka michache mchezo wa tarakilishi ukawa jambo la sarufi.

Wanaoililia kibodi hadi leo huyataja hayo na kunyamazia upande wa pili. Uhuru wa kuandika lolote haukuwa uhuru wa kueleweka. Mfano ulio karibu zaidi na msomaji wa Kiswahili ni kisa cha Ali Baba katika Alfu Lela Ulela. Pango hufunguka kwa neno, na neno ni lile moja tu. Kasimu aliyejaa tamaa analisahau, anataja nafaka nyingine zote, na mlango haumjali. Mchezaji wa michezo ya maandishi alikuwa Kasimu mara nyingi mno. Alijua la kutenda, alikiona kitu chenyewe katika maelezo, lakini hakujua mtunzi alichagua kitenzi gani kati ya visawe vitano. Hapo fumbo lilikoma kuwa la kisa, likawa la kamusi. Ni haki kukiri kwamba hiki ni kasoro ya kifani, na visingizio vya wapenzi wa utanzu havikiondoi.

Lakini neno lisiloonekana lilikuwa pia na uwezo ambao hakuna chombo kingine kilichoweza kuuiga. Katika King's Quest ya Roberta Williams, iliyotolewa na kampuni ya Sierra mwaka 1984, mchezaji aliona mandhari ya rangi na akamtembeza mhusika wake kwa vibonye vya mishale, huku vitendo vingine akiviandika. Mumo humo yumo kibeti mzee anayemtaka mchezaji alitaje jina lake. Jina lenyewe ni la ngano mashuhuri ya Kijerumani ya Rumpelstiltskin, ila halina budi kuandikwa kwa alfabeti iliyopinduliwa, herufi ya kwanza ikisimamia ya mwisho. Fumbo hilo lilichukiwa na wengi, na si bila sababu. Hata hivyo linaonyesha jambo moja waziwazi: jibu halikuwepo popote kwenye skrini. Lilikuwa kichwani mwa mchezaji, katika ngano alizopata kusikia utotoni, au halikuwepo kabisa. Kipanya hakiwezi kuelekezwa kwenye kitu ambacho hakijachorwa.

Kuhusu kipanya chenyewe, inafaa kukumbuka kwamba mbuni wake hakukikusudia kuiondoa kibodi. Douglas Engelbart alikionyesha hadharani huko San Francisco tarehe 9 Desemba 1968, na katika onyesho hilo mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kipanya na wa kushoto kwenye kifaa cha vibonye vitano cha kuingizia herufi, kibodi ikiwa katikati. Kuonyesha na kusema vilikwenda sambamba. Talaka baina ya viwili hivyo ilikuja baadaye, nayo ilikuwa ya kibiashara kuliko ya kifalsafa. Macintosh ya kampuni ya Apple ilitoka Januari 1984 ikiwa na kipanya ndani ya kasha, na mwaka uliofuata kampuni ya ICOM Simulations ikatoa Déjà Vu, mchezo wa upelelezi ambao vitenzi vyake 8 vilipangwa kwenye skrini ili vibofywe.

Kazi iliyokuwa na athari kubwa zaidi ni Maniac Mansion ya Ron Gilbert na Gary Winnick, iliyotolewa na Lucasfilm Games mwaka 1987. Sehemu ya chini ya skrini iliorodhesha maagizo 15. Mchezaji alichagua agizo, kisha akachagua kitu katika picha, na sentensi ikajiunda mbele ya macho yake. Jambo ambalo husahauliwa ni kwamba mchezo huu ulitolewa kwanza kwa tarakilishi ya Commodore 64, ambayo wenye nayo wengi hawakuwa na kipanya. Mshale waliusogeza kwa fimbo ya kuchezea. Kwa maneno mengine, sarufi ya kipanya ilitangulia kipanya chenyewe katika nyumba nyingi. Hilo peke yake latosha kuitilia shaka ile simulizi ya vyombo iliyotajwa mwanzoni.

Sierra iliandamana na mkondo huo mwaka 1990, King's Quest V ilipotolewa bila nafasi yoyote ya kuandika. Maneno hayakubaki hata kama orodha: palikuwa na vijipicha, kama vile cha jicho na cha mkono. Mkono ulichukua, ulifungua, ulisukuma na ulipiga, kutegemea kile ulichobofywa juu yake. Vitenzi vingi vilimezwa na kimoja, nacho hakikuwa na jina.

Tofauti iliyoletwa na badiliko hili inaweza kupimwa kwa kulinganisha matini mbili za kazi moja, kama wahakiki wa tendi wanavyolinganisha miswada. Lori Ann Cole na Corey Cole waliitoa Hero's Quest kupitia Sierra mwaka 1989. Baadaye ikajulikana kama Quest for Glory, na mwaka 1992 ikatolewa upya ikiwa ya kipanya. Kisa ni kile kile, na shujaa ni yule yule anayefika katika mji mdogo wa bondeni kutafuta jina. Katika matini ya kwanza, mchezaji anayetaka habari humwuliza mwenyeji kwa kuandika jambo analolitaka. Jibu huja na jina geni, mchezaji akalinasa na kuliuliza kwa mtu mwingine, na hivyo akasonga kutoka neno hadi neno kama mgeni halisi anayeujua mji kwa masikio yake. Katika matini ya pili, mada hujitandaza kwenye orodha. Mchezaji huzibofya moja baada ya nyingine mpaka ziishe. Habari anazopata zakaribia kuwa sawa, lakini katika ile ya kwanza amehoji, na katika ya pili amekamua. Aliyekosa kulitambua jina katika matini ya 1989 alibaki gizani, na giza hilo lilikuwa sehemu ya kisa.

Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba kipanya kilileta hasara tupu. Upande wa ucheshi ulistawi ajabu. Katika The Secret of Monkey Island, mchezo wa Gilbert wa 1990, mapigano ya upanga huamuliwa kwa matusi: maharamia hutupiana maneno, na mshindi ni mwenye jibu kali zaidi. Mchezaji huanza hana kitu. Anashindwa, anajifunza tusi na jibu kutoka kwa adui aliyemshinda, kisha anayatumia kwa adui wa pili. Na akimfikia bingwa wa upanga hukuta matusi mapya, akalazimika kuyatumia majibu aliyoyajua kwa namna nyingine. Yeyote aliyekulia penye malumbano ya washairi au mipasho ya taarabu hahitaji kuelezwa utamu wake. Mzaha wa namna hiyo hudai mtunzi anayemiliki kila neno. Kibodi isingeuwezesha, kwa maana mchezaji angeandika tusi lake mwenyewe na mashine isingejua kucheka. Aidha, nafsi ilibadilika: mhusika alianza kumjibu mchezaji kwa nafsi ya kwanza, akimkatalia mambo na kumdhihaki. Yule aliyekuwa "wewe" katika pango la Crowther sasa ni mtu mwingine, mwenye tabia yake, na mchezaji amekuwa sauti inayomnong'oneza.

Brian Moriarty aliijua pande zote mbili, kwani aliiandikia Infocom mchezo wa maandishi wa Trinity mwaka 1986 kabla ya kuhamia Lucasfilm. Katika Loom ya 1990 aliviondoa vitenzi vyote na badala yake akaweka nyuzi za sauti nne nne ambazo kijana mfumaji huzipiga kwa fimbo yake ya kusokotea. Mchezaji hujifunza sauti kwa kusikiliza, na ukiupiga uzi kinyumenyume, maana nayo hugeuka: kinachofungua hufunga. Katika yote yaliyobuniwa ili kuziba pengo la kibodi, hili pekee ndilo lililomrudishia mchezaji lugha ya kujifunza. Halikuigwa sana.

Penye picha bila maneno pakazuka adha mpya. Kasimu wa zamani alitafuta neno. Wa sasa alipitisha mshale juu ya kila nukta ya picha akitafuta ufunguo uliochorwa mdogo kuliko ukucha. Myst ya ndugu Rand na Robyn Miller, ya 1993, iliyouza nakala zaidi ya milioni 6, ilibakiza mbofyo mmoja kwa kila kitu.

Kisha kibodi ikarudi, na marejeo yake ndiyo yanayoithibitisha hoja ya makala haya. Grim Fandango ya Tim Schafer, iliyotolewa na LucasArts mwaka 1998, haikuwa na mshale wala orodha. Mchezaji alimtembeza Manny, wakala wa usafiri katika nchi ya wafu, kwa vibonye, na Manny aligeuza kichwa kukitazama kitu chenye umuhimu. Broken Sword, mfululizo wa kampuni ya Revolution ya Uingereza ulioanza kwa kipanya mwaka 1996, ukahamia kibodi katika sehemu ya tatu ya 2003, ukarejea kwenye kipanya mwaka 2006. Wachezaji waligombana, na toleo jipya la Grim Fandango la 2015 likawapa wapendao kipanya kipanya chao. Lakini katika mzozo huo kibodi ilikuwa bubu. Hakuna aliyeandika neno. Vibonye vilivyokuwa herufi vilikuwa sasa miguu, na mchezaji aliyekuwa mneni, kisha mwonyeshaji, alikuwa sasa mwendeshaji. Kati ya vyote vitatu, ni wa kwanza tu aliyehitajika kujua lugha.

Kuna tanbihi moja inayowahusu wasomi wa Kiswahili. Mchezo wa orodha hutafsirika kwa wepesi. Monkey Island ilipata matoleo ya Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania kwa kubadilishwa maneno yake tu. Mchezo wa maandishi hudai kichanganuzi kipya, kwa sababu sarufi ndiyo mchezo wenyewe. Zana za kuundia michezo hiyo zingalipo, mathalani lugha ya programu iitwayo Inform, iliyobuniwa na Graham Nelson mwaka 1993, na mashindano ya kila mwaka ya kazi hizo yamekuwepo tangu 1995. Kwa Kiingereza, mchezaji anayetumia kiwakilishi huilazimisha mashine ikumbuke nomino iliyotajwa mwisho. Katika Kiswahili kiambishi cha yambwa kingeifanya sehemu kubwa ya kazi hiyo. Chumbani mkiwa na taa, kisu na ufunguo, "ichukue" ni taa na "kichukue" ni kisu. Panapobaki utata ni kwenye "uchukue": huenda mchezaji ameutaja ufunguo kwa ngeli yake, au huenda anahimiza tu kwamba kitu fulani kichukuliwe bila kukitaja, na mashine ingelazimika kumrudishia neno lake na kumwuliza alikuwa na maana gani.