Shaba, Gitaa na Amri ya Rais: Tunajifunza Nini kutoka Roki ya Zambia?

Wiki chache zilizopita, baada ya kipindi cha jioni, niliwakuta wanafunzi wangu wakibishana nje ya ukumbi wa mihadhara. Ubishi wenyewe ulikuwa wa muziki. Mmoja alikuwa akisikiliza wimbo uitwao "Noid" wa Tyler, the Creator, msanii wa Marekani, uliotoka Oktoba 2024. Mwenzake alimwambia kwamba sauti zile za kwaya na gitaa lile la kukwaruza havikutengenezwa Marekani. Vimechukuliwa kutoka kwa Ngozi Family, bendi ya Zambia ya miaka ya 1970, na lugha inayoimbwa ni ya jirani zetu. Wa tatu akafungua simu na kuwaonesha bango la onyesho la bendi ya WITCH huko Ulaya, bango lenye rangi za moto na herufi zinazojipinda kama moshi. Kisha wakaanza kupanga madaraja: nani mkubwa, WITCH, Amanaz au Musi-O-Tunya?

Nilikaa nao kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia. Mwishoni binti mmoja aliuliza swali ambalo limenifanya niandike makala haya: "Mwalimu, kama muziki huu ni mzuri hivi, na umetoka ng'ambo tu ya Tunduma, kwa nini tumeujua kupitia kwa Mmarekani?"

Swali hilo ni la historia na siasa kabla ya kuwa la burudani. Ili kulijibu inatupasa kurudi nyuma kidogo.

Wapo wanaodhani kwamba vijana wa Zambia waliiga tu Wazungu walipochukua magitaa ya umeme. Mtazamo huo unasahau njia ndefu ambayo muziki umepita katika sehemu hii ya Afrika. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha 1975 kuhusu ngoma ya beni, alionesha kwamba beni ilizaliwa katika miji ya Waswahili, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Vijana wa miji hiyo walitazama bendi za kijeshi za Wazungu, wakachukua tarumbeta, sare na vyeo, kisha wakavitumia katika mashindano ya mitaa yao wenyewe. Wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia, askari na wapagazi waliisambaza hadi bara, mpaka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Huko iliitwa mbeni. Wachimbaji wa shaba walipogoma mwaka 1935, tume ya serikali ya kikoloni ilichunguza hata vikundi vya mbeni ili kujua kama ndivyo vilivyopanga mgomo. Miongo miwili baadaye, mwaka 1956, mwanaanthropolojia J. Clyde Mitchell aliandika kuhusu kalela, ngoma ya wafanyakazi wa migodini waliocheza wakiwa wamevaa suti safi na viatu vilivyong'arishwa.

Kwa hiyo, vijana wa Kitwe na Ndola waliposhika gitaa la umeme hawakuanza jambo jipya. Walikuwa wajukuu wa mila iliyokwisha kujua namna ya kuchukua chombo cha mgeni na kukipa kazi ya mwenyeji. Na sisi wa pwani tunahusika katika ukoo huo.

Zambia ilipata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964 ikiwa na utajiri ambao nchi nyingi mpya hazikuwa nao. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato yake ya mauzo ya nje yalitokana na shaba. Kuanzia Januari 1970 serikali ilichukua asilimia 51 ya hisa za migodi. Ukanda wa Shaba ulikuwa na mishahara, kumbi za starehe, umeme na santuri kutoka nje. Kijana wa huko aliweza kusikiliza Jimi Hendrix na Rolling Stones, na pia aliweza kuota kununua gitaa. Hali hiyo ya kiuchumi ndiyo iliyozaa Zamrock.

WITCH, ambao jina lao ni kifupi cha maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuzua vurugu", waliongozwa na Emmanuel Chanda. Mashabiki walimwita Jagari, yaani Mick Jagger aliyepewa matamshi ya nyumbani. Musi-O-Tunya walichukua jina la maporomoko ya Zambezi, "moshi unaonguruma". Mwaka 1975 Amanaz walitoa albamu iitwayo Africa, na Rikki Ililonga, aliyetoka Musi-O-Tunya, akatoa yake iitwayo Zambia. Hebu tazama majina hayo mawili. Vijana hawa waliodaiwa kupotea katika uzungu walikuwa wakiandika jina la bara lao na la nchi yao kwenye majalada ya santuri.

Sasa tuje kwenye sera. Rais Kenneth Kaunda alikuwa mpiga gitaa aliyesafiri na gitaa lake kwenye kampeni. Katika miaka ya 1970 aliagiza kwamba asilimia 95 ya muziki unaopigwa redioni uwe wa Zambia. Matokeo yalikuwa makubwa. Redio ilihitaji nyimbo za nyumbani, na bendi zikapata mlango. Wengine walianza kuchanganya Kiingereza na Kibemba na Kinyanja, na midundo ya vijijini ikaingia katikati ya magitaa ya roki.

Linganisha na yaliyotokea kwetu. Januari 1969 Umoja wa Vijana wa TANU ulianza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi na mavazi yaliyohesabiwa kuwa ya kigeni, na mwishoni mwa mwaka huo muziki wa soul ulipigwa marufuku Dar es Salaam. Dola zote mbili zilikuwa na wasiwasi uleule: vipi taifa changa lilinde utamaduni wake? Sisi tulianza kwa kukataza. Wazambia waliagiza kilicho chao kipigwe. Kwa maoni yangu agizo lao lilikuwa la busara zaidi, kwa sababu lilimwachia kijana uhuru wa kuamua "kilicho chetu" kisikike vipi.

Hata hivyo, agizo lile lilikuwa na upungufu ambao watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wautafakari. Lilihakikisha kwamba wimbo unasikika. Halikuhakikisha kwamba mwenye wimbo analipwa. Sheria ya hakimiliki inayowataja waziwazi watumbuizaji ilikuja mwaka 1994, wakati wengi wao walikwisha kufa au kuacha muziki. Gitaa, vipaza sauti na mitambo ya kurekodia vilinunuliwa kwa fedha za kigeni, na fedha hizo zilitegemea bidhaa moja.

Bidhaa hiyo ikaanguka. Bei ya shaba iliporomoka kuanzia 1974, mwaka mmoja baada ya mafuta kupanda bei. Januari 1973 Rhodesia ilikuwa imefunga mpaka, na Zambia ikabeba gharama ya kuunga mkono ukombozi wa kusini mwa Afrika. Reli ya TAZARA ilijengwa katika shida hiyo. Oktoba 1978 ndege za Rhodesia zilishambulia kambi ya wapigania uhuru karibu na Lusaka. Katika nchi yenye hofu ya mashambulizi na amri za kutotembea usiku, nani angejaza ukumbi wa dansi? Kisha zikaja kaseti, ambazo mtu yeyote aliweza kuzinakili bila kumlipa msanii. Baada ya hapo ukaja UKIMWI. Paul Ngozi alifariki mwaka 1989. Katika kikosi cha awali cha WITCH, aliyebaki hai ni Jagari peke yake.

Jagari mwenyewe alikuwa ameacha bendi, akasomea ualimu na kufundisha muziki katika Chuo cha Evelyn Hone, Lusaka. Baadaye aligeuka mchimbaji mdogo wa vito. Mtu ambaye taifa zima lilimshangilia alirudi kutafuta riziki chini ya ardhi ileile iliyolipia muziki wake.

Baada ya mwaka 2000 wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walianza kutafuta santuri za zamani. Kampuni ndogo, miongoni mwao Now-Again ya Los Angeles, zilizitoa upya. WITCH ilifufuliwa, ikazunguka Ulaya, na mwaka 2023 ikatoa albamu mpya, Zango. Sina nia ya kuwalaumu wageni hawa. Walithamini kilichokuwa kikioza. Lakini anayekitunza kitu ndiye anayepata nafasi ya kukisimulia, na mara nyingi ndiye anayepanga bei yake.

Ndipo ninaporudi kwenye swali la yule binti. Tumeujua muziki wa jirani kupitia Marekani kwa sababu Marekani ina maktaba, sheria za hakimiliki na mtu anayelipwa kukaa na santuri kuukuu siku nzima. Sisi tuna utepe wa Radio Tanzania Dar es Salaam, urithi ambao thamani yake haihesabiki, na tunauzungumzia kwenye hotuba zaidi ya kuutengea bajeti. Tuna sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999. Utekelezaji wake utapimwa siku mzee aliyepiga gitaa mwaka 1975 atakapolipwa wimbo wake unapopigwa, au watoto wake kama yeye hayupo.

Nimewapa wanafunzi wale kazi. Kila mmoja atafute, katika familia au mtaa wake, bango moja, tiketi moja au picha moja ya dansi la zamani, aandike nani alipiga, wapi, na mwenye kumbukumbu hiyo anasema nini. Mmoja amenipigia simu jana. Babu yake alikuwa na sanduku la mabango chini ya kitanda, na mchwa wameshakula nusu. Nimemwambia aanze na nusu iliyobaki, leo hii.